Hofu ya mvua, ukame, bahari... wewe unalalaje? Tupeane uzoefu

BintiWaBonde (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Naomba uzi huu uwe wa uzoefu tu, siasa na ubishi wa nani kaharibu mazingira una nyuzi zake.

Mi nimekulia Hananasif, kule bondeni karibu na mto Msimbazi. Yale mafuriko ya Desemba 2011 yalinikuta sekondari, tulishinda juu ya bati maji yamefika kwenye linta, na waliokufa Dar siku zile walizidi 40, wengine nilikuwa nawajua kwa sura. Baada ya hapo kila masika ni kunyanyua vitu, godoro juu ya meza, friji juu ya matofali, maji yakishuka mnatoa tope kwa beleshi, tulishazoea mpaka tukawa tunataniana. Sasa ukaja huu mradi wa bonde la Msimbazi, wazee wakalipwa fidia tukahama, sa hivi nipo Kibamba huku mlimani, mto siuoni wala siusikii. Nikasema sasa nitalala.

Wapi. Mvua ikianza kugonga bati saa nane usiku moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho, najikuta nimekaa kitandani nimevaa viatu. Viatu wakuu, mlimani! Kuna mkoba nimeutundika kwenye kitasa, una vyeti, kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki ya mtoto, vyote nimevifunga kwenye nailoni. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa lile angalizo la njano tu, hata liwe la Mtwara, siku hiyo chakula hakipiti. Mume wangu anasema najiendekeza. Mama mkwe akasema niombewe, nikaombewa, na amani niliipata kwa kweli, mpaka wingu lilipofunga.

Yaani nyumba ilivunjwa, vitu vikapakiwa kwenye kirikuu, na hofu nayo ikapanda ikakaa juu ya makochi. Kuna mwenye hali kama hii? Unafanyaje?

MzeeWaMlau

Pole mwanangu. Mimi niko Rufiji, Muhoro. Kwetu zamani mafuriko yalikuwa neema, mto unapanda, unashuka, unaacha tope jeusi, tunapanda mahindi ya mlau humo bila mbolea ya aina yoyote. Mrufiji haogopi maji, anaogopa mamba. Lakini yale ya Aprili 2024 yalikuja yakakaa, mpunga ulikuwa umeshatoa masuke wote ukalala chini ya maji, tukahamia kwenye mahema. Watu wanabishana mpaka leo ni lile bwawa la umeme la Nyerere huko juu ya mto au ni El Niño, ubishi huo mie siuingii.

Hofu yangu haikuja usiku kama yako, ilikuja msimu uliofuata. Naamka, nachukua jembe, nafika shambani nasimama tu, mikono haina nguvu, narudi nyumbani najilaza. Mke wangu akadhani malaria, tukapima hakuna. Majirani wakasema mzee kaanza uvivu. Kilichoninyanyua ni kugawa shamba, bondeni nikaacha ekari moja tu ya mpunga, nyingine nikaomba kwa shemeji yangu huko juu nikaweka mihogo na ufuta. Nilipojua kwamba maji yakija njaa haiji usingizi ukarudi wenyewe, sikumeza kitu.

Kamanda_77

Mafuriko yalikuwepo tangu enzi, El Niño ya 97/98 nyie wengi mlikuwa mnanyonya, barabara zilikatika nchi nzima na wazee wetu hawakuwa na hizi anzaiti zenu. Ni simu tu zinawaharibu. Zima data lala.

Katesh_Juu

Kamanda hao wazee ulishawahi kuwauliza?

Mi ni wa Katesh. 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili, alfajiri watu wengine wanajiandaa na kanisa. Sisi hatuna mto wa kutisha kule, tuna mlima, na Mlima Hanang ni mlima wetu wa kuuangalia kila asubuhi kujua kama kuna mvua. Ukashuka wenyewe, tope, mawe na magogo vikapita katikati ya mji, sokoni pale palikuwa hapatambuliki. Walikufa watu 89. Babu yangu ana zaidi ya miaka 80, ndo huyo mzee unayemsema, tangu siku ile hageuzi kiti chake, anakaa ameutazama mlima, ukimgeuza anakasirika. Hana simu ya data, ana kitochi.

Mimi tatizo langu lilikuwa harufu. Tope bichi likikauka juani lina harufu yake, nikiisikia popote, hata kwenye matofali ya kuchoma, tumbo linakata. Walikuja watu wa ustawi wa jamii wakawa wanatukusanya kuongea, nilikuwa naona upuuzi kwa kweli, unapoteza ndugu halafu mtu anakuuliza unajisikiaje. Ila siku moja mama mmoja akasema yeye hawezi kufua nguo za watoto waliopotea na hawezi kuzitupa, watu wote tukalia, na mie ndo mara ya kwanza kulia tangu tuzike. Kuanzia hapo nikawa naenda. Harufu bado naisikia ila haininyang'anyi siku nzima.

Kamanda_77

Sawa mkuu, pole kwa msiba. Hiyo ya babu imenigusa.

MtuWaMathare

Niaje watu wa Bongo. Niko Nairobi, nimesoma ya huyo dada wa viatu nikasema huyu ni mimi kabisa. Aprili 2024 mto Mathare ulipanda usiku, nyumba za mabati zikaenda na watu ndani. Tukiwa bado tunakausha magodoro amri ikatoka, mtu yeyote ako ndani ya mita 30 kutoka kwa mto ahame, tingatinga zikaja. Sasa mimi mvua ikinyesha sijui kama naogopa maji ama naogopa tingatinga, zote mbili ziko kwa kichwa moja.

Chenye kimenisaidia, vijana wa mtaa tulitengeneza grupu ya WhatsApp na wasee wanaishi huko juu ya mto. Wao wakiona maji imebadilika rangi ama imepanda wanapiga simu, na huku chini tuko na zamu, usiku ikiwa ya mvua watu wawili hawalali. Usiku yangu silali, na niko sawa, sina hofu hata kidogo. Usiku zingine najua kuna mtu macho ananiangalilia, nalala kama mtoto. Kukaa macho peke yako ndio mbaya.

MorogoroFresh

Mi sijawahi kupatwa na mafuriko wala ukame, nipo chuo hapa Moro, na bado nateseka, ndo maana huwa naona aibu kusema. Yangu ilianza kwa simu. Unaangalia video moja ya barafu ya Kilimanjaro jinsi inavyoisha, inakuja nyingine ya moto, nyingine visiwa vinazama, saa tisa usiku nimeshaamua sizai mtoto na degri haina maana. Kile kimbunga Hidaya cha Mei 2024 nilinunua mishumaa, maji, biskuti, nikampigia mama Kilwa mara kumi kumi, na clip zinaingia kwenye magrupu mawimbi yanameza magari, kuja kuangalia vizuri magari yana usukani kushoto, sio hata Tanzania. Hidaya yenyewe ilipofika Mafia ikapungua nguvu. Sisemi haikuumiza watu, mvua yake kule Lindi na Kilwa ilikata barabara, mama alikwama. Ila mi niliogopa ya kwenye simu kuliko mama aliyekuwa ndani yake, yeye alikuwa anakaanga samaki.

Sasa hivi nimejiondoa kwenye magrupu ya kusambaza tahadhari, habari ya hali ya hewa naangalia ya mamlaka tu, asubuhi, basi. Kuhusu mtoto bado sijaamua, msinishambulie.

TabibuWaZamu

Nimekaa nasoma kimya, sasa nichangie kidogo, mi ni tabibu kwenye hospitali ya mkoa fulani. Watu kama mleta mada tunawapata sana, wanaletwa usiku wanasema moyo, wanapimwa presha na ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo), vyote vizuri, wanaambiwa huna kitu nenda nyumbani. Hilo neno "huna kitu" linaumiza, kitu kipo. Mwili umejifunza kwamba bati likilia ni hatari, kwa hiyo unamwaga ile homoni ya kukimbia hata kama hakuna pa kukimbia. Moyo mbio, jasho, pumzi fupi, vidole kufa ganzi, kuhisi unakufa. Mara nyingi hupanda mpaka kileleni ndani ya kama dakika 10 halafu hushuka wenyewe, na kujua tu kwamba kitashuka ni nusu ya dawa.

Cha kufanya pale pale, usihangaike kuvuta hewa nyingi maana ndo inaleta ganzi, wewe refusha kutoa. Vuta taratibu, toa polepole kwa mdomo kama unapoza chai, rudia. Weka miguu peku kwenye sakafu ya baridi. Na hivyo viatu dada yangu, nakuomba uvivue, kila ukivivaa unauambia mwili kweli maji yanakuja. Mkoba wa vyeti uache, huo ni akili. Ukiweza, mchana kweupe, jua linawaka, cheza kwenye simu sauti ya mvua kwenye bati kwa kiasi kidogo huku unafanya kazi zako, siku nyingine ongeza sauti. Mwili unajifunza upya.

Mambo mawili ninayokuta yanaharibu. Kwanza valiamu za kununua dukani bila cheti, zinakulaza wiki ya kwanza halafu zinakushika, kuziacha ni vita. Pili ni kahawa, miraa na hivi vinywaji vya kuongeza nguvu, mtu anakunywa makopo mawili halafu anashangaa moyo unadunda. Na kama hali inakuzuia kazi au kula kwa wiki kadhaa, nenda kapimwe, damu ikiwa pungufu au tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi dalili ni hizi hizi. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, sio lazima uwe umevua nguo barabarani ndo uende pale. Yakifika mawazo ya kujidhuru hapo usisubiri wiki, mwambie mtu wa karibu leo akupeleke.

Mwani_na_Bahari

Assalamu alaykum. Mie nipo Jambiani, Unguja. Huku kwetu hatuna habari ya maji kuingia ndani usiku, letu linakwenda taratibu, na la taratibu nalo linakula roho. Mama yangu ni katika wale wa mwanzo kulima mwani, mwisho wa miaka ya 80, alisomesha watoto kwa mwani. Ile aina ya mwani tunayoiita kotonii ndo yenye bei, lakini maji ya pwani yamekuwa moto, unafunga mbegu kwenye kamba vizuri, bamvua la pili ukenda unaikuta imefanya weupe, ukiigusa inakatika mkononi. Aina nyingine, spinosamu, inastahamili lakini bei yake haina maana. Basi mie nikawa nikishika maji kwa mguu tu nahisi kama nashika paji la uso la mgonjwa. Narudi nyumbani kichwa kizito, watoto wakinisemesha nawakaripia, wakawa wananiogopa.

Sikwambii nimepona. Lakini tuko kina mama tunasaga huo wa spinosamu tunafanya sabuni, tunachanganya na karafuu, watalii wananunua. Pesa si nyingi, ila pale kwenye kusaga ndo tunapoongea, mmoja anasema mwenzenu jana sikulala, mwingine anamwambia hata mie. Na Alfajiri nikishaswali nakaa na uradi wangu sigusi simu mpaka jua litoke. Mtu asiniambie dua haisaidii, na mtu asiniambie dua peke yake inatosha.

BintiWaBonde

Wakuu asanteni, nimesoma zote. Tabibu hiyo ya sauti ya mvua nimeijaribu Jumamosi napiga pasi, mume wangu alikuwa chumbani kalala, akatoka mbio na boksa kwenda kuanua nguo, jua linawaka, majirani wamemuona. Tumecheka mpaka tukakaa chini, na ni mara ya kwanza hiyo sauti nacheka nayo. Usiku bado. Viatu nimevitoa chumbani ila naviweka mlangoni, sijafika huko unakotaka.

Mzee wa Muhoro, nimempa mama asome ya kwako, kasema mlau anaujua, bibi yake alikuwa wa Utete, huko huko Rufiji.

Yeyoo_S

Samahani nimechelewa, mi nipo Simanjiro. Siulizii mimi naulizia mume wangu. Ule ukame wa 2021 kuingia 2022 tulipoteza ng'ombe wengi, walikuwa wanalala hawanyanyuki, tunawainua na mikanda asubuhi, jioni wamelala tena, mwisho wakawa hawana hata wa kununua ngozi. Mvua ilirudi, mifugo kidogo tumenunua, wenzake wameendelea. Yeye vuli ikichelewa tu anaamka usiku anaenda zizini kuhesabu, anarudi, anaenda tena. Nyama hali. Nikimuuliza anasema hakuna kitu. Mwanaume wa kwetu hawezi kwenda kumwambia daktari naogopa, wenzake wakisikia wamemmaliza. Na huku kliniki ni mbali. Nifanyeje?

MzeeWaMlau

Mama, asiwaache wote kwa pamoja mpaka wakonde. Dalili ya ukame mkiiona mapema auze wachache wangali na nyama, hela muweke. Sisemi kwa dharau, najua ng'ombe kwenu si kama mpunga kwangu. Lakini mtu mwenye akiba kidogo hahesabu usiku.

Yeyoo_S

Hilo nimelisema mzee, kuuza anaona kama ndo anakubali watakufa.

TabibuWaZamu

Dada usimwambie habari ya hofu wala ya akili, hatakuja. Siku ya mnada lazima anafika mjini, sivyo? Mwambie mkitoka mnadani mnapita kituoni kupima presha, wanaume wa rika lake wote wanakubali presha. Wewe ingia naye, na kabla hajakaa mnong'oneze tabibu kwamba halali na hali. Sisi tukishamfunga ile mashine mkononi tunamuuliza polepole ng'ombe wanaendeleaje, na hapo huwa wanaongea wenyewe. Mnada wenu ni lini?