Naomba ushauri: chuma kizito marudio machache, au chepesi mpaka misuli igome?

Wakuu, habari zenu. Napiga chuma jimu ya mtaani, ile ya mabomba na sahani za zege. Nataka mapaja yajae na skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) ifike kilo 120. Kwa sasa nimegota kwenye 95.

Mwalimu wetu ni wa uzito mkubwa tu: marudio 3 hadi 5, pumzika vya kutosha, acha kabla hujaishiwa. Lakini nimesoma utafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wa 2012. Vijana walinyoosha goti kwenye mashine kwa wiki 10, kila mguu ukipangiwa uzito wake: miguu mingine asilimia 30 ya uzito wa juu wanaoweza kuinua mara moja, mingine asilimia 80, yote mpaka ikashindwa. Kwa seti 3 (yaani mizunguko mitatu ya marudio, na mapumziko katikati), misuli ilijaa karibu sawa. Ila nguvu ya kuinua mara moja ilipanda zaidi kwa miguu ya asilimia 80.

Sasa mimi nataka vyote, na uchovu ndio unanimaliza. Nikipiga seti nyepesi mpaka mwisho mapaja yanawaka, na skwoti nzito inayofuata haisogei. Tena nashinda sokoni nabeba magunia, kwa hiyo miguu haipumziki kama ya mtu wa ofisini.

Waliopitia hili: mnaanza na nzito halafu nyepesi siku hiyohiyo, au mnatenganisha siku? Na kwenye seti nzito mnabakiza marudio mangapi? Wanaosema "kula tu mayai" nimewasikia, mayai nakula.