Nafundisha hesabu mwaka wa nane, watoto hawapiti. Naomba ushauri

Mwalimu_Katuba
Jambo bandugu. Nafundisha hesabu mwaka wa nane, hapa Katuba, Lubumbashi. Benchi moja wanakaa watoto wanne. TENASOSP, mtihani wa taifa wa mwaka wa nane, inakaribia, na mtihani uliopita wengi walipata chini ya nusu. Nifanye nini wapite? Usingizi umenipotea.

MamaKenya
Pole mwalimu. Karo iliondolewa hapa Kongo shule za msingi za serikali tangu 2019, sisi wenye watoto waliopita msingi bado tunalipa. Wangu yuko mwaka wa saba, nalipa shule, nalipa na mwalimu wa jioni, mtoto anarudi na 6 juu ya 20. Nani atuonee huruma?

Papa_Ruashi
Wakati wetu ukiitwa ubaoni ulitetemeka. Kuzidisha tuliimba mpaka 12, njiani, nyumbani, popote. Leo ni simu tu. Wazazi, turudie adabu kwanza.

Kijana_wa_Poli
Mwalimu, wanakosea wapi hasa? Sehemu kama 1/2? Milinganyo? Na wewe mwenyewe ulisomea nini?

Mwalimu_Katuba
Wanakosea kila mahali, ndugu yangu.

Kijana_wa_Poli
Swali la pili umeliruka.

Mwalimu_Katuba
Sawa. Nilisomea historia, ISP, chuo cha walimu. Mwalimu wa hesabu aliacha kazi akaenda migodini upande wa Kolwezi, prefe, mkuu wa shule, akanipa masaa yake. Ningekataa, watoto wangekaa bila mtu. Nimeshawatolea fotokopi za maswali ya zamani na majibu yake, wanakariri. Tafadhali msiniambie nianze kueleza upya, muda huo sina. Mtihani hauwaulizi "kwa nini".

Papa_Ruashi
Kukariri si dhambi. Mimi nilikariri, na nikapata diplome.

Mukubwa_Kampemba
Ngojeni. Kwanza mwalimu wa hesabu, sasa wa historia, kesho atakuwa muzazi. Hadithi hii imetungwa ili walimu watukanwe. Mwalimu wa kweli angetutajia kosa la mtoto, hata moja.

MamaKenya
Kweli, hata mimi naanza kuona giza.

Mwalimu_Katuba
Kosa? Niliandika ubaoni 2x + 3 = 11. Zaidi ya nusu ya kalasi waliandika 5x = 11, wakakwama hapo. Nikasahihisha kwa kalamu nyekundu, juma lililofuata wakarudia vilevile. Msichana mmoja alilia juu ya kaye (daftari) yake. Huyo nimtunge kwa faida gani?

Kijana_wa_Poli
Mukubwa, mwache. Kosa hilo huwezi kulijua kama hukai na kaye za watoto. Mwalimu, sikiliza: toka shule ya msingi wamezoea jibu kuwa namba moja. Wakiona 2x + 3 wanadhani kazi haijaisha, wanabandika pamoja wapate 5x. Kalamu nyekundu haiwezi kuondoa wazo hilo. Waambie wajaribu namba. Weka 4 mahali pa x: 2 mara 4 ni 8, ongeza 3, tumepata 11. Sasa 5 mara 4 ni 20. Watajionea wenyewe kwamba hivyo viwili si kitu kimoja. Kisha wape ya sokoni: mikate miwili ya bei moja na sabuni ya franga 300, jumla 1100. Mkate mmoja bei gani? Hata anayeogopa hesabu ataondoa sabuni kwanza.

Mukubwa_Kampemba
Hapo nimekubali, kosa ni la kweli. Ila prefe huyo ana neno la kujibu.

Mwalimu_Katuba
Jumatatu saa ya kwanza nitajaribu. Lakini fotokopi siziachi.

Kijana_wa_Poli
Usiziache. Kata sehemu ya majibu, wape maswali peke yake, na kila namba wanayopata wairudishe mahali pa x waone kama inakubali. Makosa mapya yaandike hapa. Baada ya hapo tuingie kwenye sehemu, maana najua 1/2 + 1/3 wataandika 2/5.

MamaKenya
Wangu ameandika hiyo 2/5 jana jioni! Mwalimu wa jioni akaiwekea alama kwamba ni sahihi. Nielezeni na mimi, niko hapa.