Tupeane uzoefu: mliokwenda Uswisi kutembea, safari yenu mliipangaje?

BintiMwalimu (mleta mada)
Habari za jioni ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa.

Mama yangu amefundisha jiografia sekondari kwa miaka 31, Morogoro na baadaye Iringa. Kila mwaka alichora ubaoni milima ya Alps, bonde lenye umbo la herufi U, na barafuto, ule mto wa barafu, linavyokwangua mwamba mpaka likaacha ziwa nyuma yake. Vyote hivyo alivichora kwa chaki bila kuwahi kuviona. Sasa amestaafu, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Mimi na mdogo wangu tumeweka akiba miaka mitatu ili akavione angali anatembea mwenyewe.

Tutakwenda mimi, mama na wanangu wawili, wa miaka 7 na 11. Tuna siku tisa, mwishoni mwa Septemba. Ratiba niliyoandika ni hii: Zürich, Luzern, Interlaken, Zermatt, St. Moritz, Lugano, Geneva. Mdogo wangu ameisoma akaniambia, "Dada, hizi ni Mbio za Mwenge." Neno lake limenikaa kichwani.

Naomba mliokwenda mnieleze yaliyowapata ninyi wenyewe, mazuri na mabaya. Mambo ya vipeperushi vya watalii ninayo tayari.

BabaMapacha, Nairobi
Karibu dada, na hongera kwa kumkumbuka mwalimu.

Nianze na viza kwa sababu hapo ndipo nilipojikwaa. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen, kwa hiyo viza moja inakupitisha hata ukivuka kuingia Italia. Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Mimi niliweka usiku tatu Uswisi na nne Italia, halafu nikaomba Uswisi. Karatasi zangu zikarudi, na miadi mpya ikanigharimu wiki tano. Hesabu usiku zako kwanza.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, kwa hiyo wanao wote wawili wanalipiwa nusu. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Kama baba yao hasafiri nanyi, tafuta barua yake ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili, na vyeti vya kuzaliwa viambatane nayo. Dirisha la maombi ya viza linafunguka miezi sita kabla ya safari na linafungwa siku 15 kabla. Usisubiri karibu na kufungwa.

Sasa kisa chetu. Kutoka Interlaken Ost kwenda Lauterbrunnen kuna treni moja ambayo ikifika kituo kidogo kiitwacho Zweilütschinen inakatwa katikati. Nusu inakwenda Lauterbrunnen, nusu inakwenda Grindelwald. Imeandikwa ubavuni mwa behewa na inatangazwa pia, lakini mimi nilikuwa nimempeleka pacha mmoja msalani behewa la mbali, na tulipotoka tukakaa hukohuko tukitazama mto. Mama yao na pacha wa pili wakaenda kwao, sisi tukaenda kwetu. Mtoto alilia mpaka Grindelwald. Simu ya mama yake ilikuwa kwangu, mfukoni, pamoja na pesa zote.

Kondakta alituelekeza: rudini Zweilütschinen, vukeni jukwaa, pandeni inayofuata. Treni zinapishana kila nusu saa, kwa hiyo tulikutana baada ya muda usiofika saa mbili. Lakini ule muda siusahau. Tangu siku hiyo kila mtu katika familia yangu anatembea na pesa kidogo na jina la stesheni tunakokwenda, hata mtoto.

MkaziWaWinterthur
Dada, mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko huku mwaka wa kumi na moja, kazi yangu ni uuguzi. Nimepokea wageni wengi wa nyumbani na karibu wote walikuja na ratiba kama yako. Nakuomba uifute. Chagua malazi mawili tu, na treni zifanye kazi ya kukuzungusha. Nchi hii ni ndogo na treni zimepangwa zikutane: unashuka hii, nyingine inakusubiri jukwaa la pili, dakika tano au saba. Kinachochosha si treni. Kinachochosha ni kufunga masanduku kila asubuhi na bibi mwenye magoti.

Ningekuwa wewe ningelala Luzern usiku nne na eneo la Interlaken usiku nne. Kati yao kuna treni inayopanda mlima wa Brünig, kama saa mbili hivi, na njia yote ni maziwa. Hiyo pekee ni matembezi.

Kuhusu pasi: ipo Swiss Travel Pass ya siku 3, 4, 6, 8 au 15. Inabeba treni, mabasi, meli za maziwani na makumbusho zaidi ya 500. Ukinunua yako, uliza kadi ya familia, haina malipo, na watoto wako watasafiri bure. Kwenda mlima Rigi kumo ndani ya pasi. Kwenda Jungfraujoch, stesheni iliyo juu kabisa milimani, hakumo, unapunguziwa robo ya nauli tu, na nauli yenyewe kutoka Interlaken wakati wa kiangazi ni zaidi ya faranga 200 kwa mtu mzima.

Na hapo nina la kuungama. Nilimpeleka mama yangu mdogo Jungfraujoch. Ni mita 3,454 juu ya usawa wa bahari. Mtasema Horombo pale Kilimanjaro ni mita 3,720 na watu wanalala. Ni kweli, lakini Horombo unafika kwa miguu, siku ya pili, mwili umezoea. Huku treni inakupandisha asubuhi moja. Mama mdogo alishikwa na kizunguzungu, akakaa kwenye benchi ndani, akaniambia niende mimi nikatazame. Nililipa pesa nyingi ili yeye aone, nikaona mimi. Kwa mwalimu wetu mwenye miaka 68 ningechagua Rigi, mita 1,798. Unapanda meli Luzern, unashuka Vitznau baada ya kama saa moja, unaingia treni ya meno, ile inayopanda mlima kwa gurudumu linaloshika reli yenye meno. Reli hiyo ilianza mwaka 1871, ya kwanza ya namna yake Ulaya. Juu utaona maziwa chini na safu yote ya Alps mbele, na kuna mabenchi.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Usiandike "Jumatano: mlimani". Andika siku tatu zinazoweza kuwa za mlima, na asubuhi kabla ya chai fungua kamera za mlimani kwenye simu, zinaonyesha kilele kilivyo dakika hiyo. Vuli ikianza, ukungu unaweza kufunika mji kutwa nzima na huku juu jua linawaka. Wageni wanaamka, wanaona kijivu dirishani, wanarudi kulala, kumbe siku nzuri kuliko zote iko juu ya vichwa vyao.

Mwisho, nashukuru umechagua Septemba. Kuna mwaka nilileta wageni Novemba, tukafika chini ya mlima tukakuta vibanda vya kupandia mlimani kwa waya vimefungwa kwa matengenezo ya mwaka. Watu wanne, nguo za baridi za kuazima, tukakaa stesheni tukanywa chai. Niliona aibu, maana mwenyeji nilikuwa mimi.

BintiMwalimu
Dada wa Winterthur, Mungu akubariki. Nimefuta Zermatt, St. Moritz na Geneva. Nimemsomea mama habari ya Rigi akauliza kama kuna ngazi.

MkaziWaWinterthur
Mwambie shikamoo. Kutoka kituo cha juu mpaka kileleni kabisa ni njia ya kupanda kidogo, dakika chache, mwende polepole. Hata akibaki pale kituoni ataona.

MwanaMvita
Salaam aleikum. Mwenzenu nilikwenda na mume wangu na mkwe wangu mwaka juzi, tukafika siku ya Jumapili jioni, njaa imetushika, na maduka yote yamefungwa. Huko Jumapili ni Jumapili kweli. Yaliyotuokoa ni maduka ya ndani ya stesheni kubwa, hayo hufunguliwa. Mkipanga, msifike Jumapili, na kama hapana budi, shukeni mnunue mkate na matunda hapohapo kabla ya kwenda hotelini.

Kwa Waislamu wenzangu: ile jibini ya kuyeyusha, fondue, hupikwa kwa mvinyo mweupe. Haionekani, hainuki sana, lazima uulize. Viazi vya kukwaruza, rösti, vingi huwekwa vipande vya nguruwe juu. Jifunze neno Schwein kwa upande wa Kijerumani na porc kwa upande wa Kifaransa, kisha usome kila pakiti. Mkwe wangu aliishi kwa samaki, mayai, mtindi na mkate wao mweusi, na alirudi na afya yake.

Chakula cha mikahawa ni ghali mno, si cha kila siku. Sisi tulipanga nyumba yenye jiko, nikapika wali usiku na mchana tukala mikate tuliyoifunga wenyewe, juu ya meli, hakuna aliyetukataza. Na maji msinunue. Mabomba ya chemchemi yako kila mtaa, maji baridi matamu, ila yakiandikwa Kein Trinkwasser msiyanywe.

Jingine dogo: plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi zao. Chukueni adapta, tena mbili. Moja haitoshi watu wanne.

KageraYetu
Nimesoma kimya tangu jana, nikaona nami niseme.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, ikiwa na mamia ya watu, shangazi yangu alikuwamo, hakupatikana. Tangu siku hiyo mama yangu hakupanda chombo cha majini. Mwanza alikwenda kwa basi, njia ndefu ya nchi kavu.

Mwaka 2019 mdogo wangu anayesoma huko Bern alituita. Tulikaa kando ya ziwa Brienz. Maji yake yana rangi ya samawati iliyochanganyika na maziwa, wanasema ni unga wa mwamba uliosagwa na barafuto ukaletwa na mito. Mama alikaa siku mbili akiitazama meli inakuja na kuondoka. Alikuwa anahesabu watu. Siku ya tatu akasema, "Hawajazi." Kisha akasema, "Twende."

Tulipanda Brienz kuelekea Interlaken, kama saa moja na robo. Alinishika mkono mpaka Giessbach, pale maporomoko yanaposhuka msituni mpaka ziwani, halafu akauachia ili apige picha. Hakusema kitu kingine njia nzima. Jioni alimpigia simu mume wa marehemu, waliongea kwa Kihaya muda mrefu, sikuingilia.

Dada BintiMwalimu, sikupangii. Ila kama kuna siku utaiacha tupu kwenye ratiba yako, usiijaze. Sisi kama tungekuwa na ratiba ya kila saa, ile siku ya tatu tungekuwa tumeshahama.

MpandaTreni, Dodoma
Pole sana ndugu wa Kagera.

Nami nina langu moja la reli. Nilitaka ile treni maarufu ya madirisha makubwa, Bernina Express, viti vyake, ambavyo lazima uvilipie mapema, vikawa vimekwisha. Nikahuzunika bure. Reli ni hiyohiyo, na treni za kawaida za abiria hupita humo kutwa bila kulipia kiti. Nilipanda St. Moritz nikashuka Tirano, Italia, chini ya saa tatu. Inapanda hadi mita 2,253 bila reli ya meno, kisha inateremka hadi mita 429, na pale Brusio inazunguka duara zima juu ya daraja ili ipunguze kimo. Tena madirisha ya treni ya kawaida yanafunguka, picha hazina kioo. Mimi ni mpenzi wa SGR yetu tangu ilipofika Dodoma 2024, lakini siku ile nilisimama dirishani njia yote kama mtoto.

Watoto wako waonyeshe saa za stesheni. Mkono mwekundu wa sekunde unazunguka, ukifika juu unasimama kidogo, unasubiri dakika igeuke, kisha unaondoka. Saa yenyewe ni mtindo wa tangu 1944, mkono huo mwekundu uliongezwa baadaye.

BintiMwalimu
Nimerudi. Ratiba mpya: usiku nne Luzern, nne Interlaken, na siku mbili nimeziacha tupu, moja kila mahali. Tutafika Jumatatu. Jungfraujoch imetoka, Rigi imeingia. Bernina nimemwachia mdogo wangu akienda mwenyewe.

Jana usiku nilikaa na mama nikamwonyesha bonde la Lauterbrunnen kwenye ramani, kuta mbili zilizosimama wima na maporomoko ya Staubbach yakianguka karibu mita 300. Alichukua kalamu, akageuza bahasha ya bili ya maji, akachora: sakafu bapa, kuta wima, na juu upande mmoja bonde dogo linaloning'inia ambalo maji yake hayana pa kupita ila kuanguka. Akaniuliza treni inafika mpaka ndani ya bonde au inaishia mdomoni. Nikamwambia inafika ndani. Akasema basi kule yeye atakaa dirishani, wajukuu watakaa katikati.

Barua ya ridhaa ya baba watoto iko kwa wakili. Miadi ya alama za vidole ni Jumanne saa tatu asubuhi.