Mke wa Cézanne mbona kanuna kwenye kila picha?

brashi_kavu:
Wadau naomba kueleweshwa. Napitia picha za Cézanne, yule mchoraji wa Ufaransa, kuna mwanamke anajirudia rudia kumbe ni mkewe, Hortense Fiquet. Kamchora kwa rangi za mafuta kama mara 29 na sijaona hata moja anacheka, mdomo kaufunga, utadhani kakalishwa pale kwa adhabu. Ndoa ilikuwa mbaya kiasi hicho au mi ndo sielewi uchoraji?

mdaku_wa_zamani:
Ndoa gani mkuu, hao waliishi miaka na miaka bila ndoa. Walikutana Paris, binti anafanya kazi ya kujalidi vitabu, mtoto wao Paul kazaliwa 1872 na jamaa kawaficha wote wawili maana baba yake alikuwa na benki na ndo aliyekuwa anampa posho. 1878 mzee akafungua barua ya mwanae, akakuta humo wametajwa mke na mtoto, kikanuka, posho ikapunguzwa, ikabidi Zola yule mwandishi, rafiki wa tangu utotoni, awe anamtumia Hortense faranga 60 kwa mwezi. Ndoa imekuja kufungwa Aprili 1886 mtoto ana miaka 14! Mzee akafariki Oktoba mwaka huohuo. We ungecheka?

Mama Turubai:
Ya mkwe ni kweli ila tusisome ndoa usoni kwa mtu. Mi nimewahi kukaa modo darasa la uchoraji, tabasamu unaanza nalo vizuri tu, baada ya muda mashavu yanaanza kutetemeka yenyewe, unaliachia, shingo inakaza, unatafuta sehemu moja ukutani unaikodolea macho. Uso unaobaki ndo huo wa Hortense. Na huyo bwana alikuwa anachora taratibu mno. Vollard, aliyekuwa anauza picha zake, kasimulia alikaa mara 115 kwa picha moja tu ya 1899 na bado haikuisha, siku akasinzia akaporomoka na kiti, badala ya pole akafokewa akae kama tofaa, kwani tofaa linatikisika? Sasa mama wa watu kaifanya kazi hiyo miaka na miaka. Hebu itazame ile ya gauni jekundu iko makumbusho ya Metropolitan, New York, kiti kimeinama na yeye kainama nacho, ua mkononi, uso umelainishwa kama yai. Mtu hapo alikuwa anapanga rangi, sio kurekodi furaha ya nyumbani.

mdaku_wa_zamani:
Sawa mama, lakini wosia wa 1902 kila kitu kamwachia mwanae, mke patupu. Hiyo nayo ni rangi?

Mama Turubai:
Hapana, hiyo ni roho mbaya, sibishi 😂 Tena marafiki wa mumewe walimpachika jina La Boule, yaani mpira, halafu waandishi wa baadae wakakomaa na habari za kupenda starehe na nguo, hakuna aliyehesabu saa alizokaa kwenye kile kiti bila kutikisika. Hao ndo wa kuwauliza kuhusu kununa.

brashi_kavu:
Kwa hiyo hakuna hata moja yenye sura laini?

Mama Turubai:
Ipo, makumbusho ya Philadelphia, nywele kaziachia mabegani na kichwa kakilaza upande kidogo. Hacheki, ila ile anza nayo.