Walimu wa gitaa, mtatufungia kwenye freti tatu za mwanzo mpaka lini?

Wakuu, leo sitauma maneno. Hawa walimu wetu wa gitaa wanatuchezea.

Unalipa ada mwezi baada ya mwezi, unafundishwa kodi (chords, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za C, F, G na Am. Ukizizoea unaongezewa nyimbo nyingine za kodi zilezile. Ukiuliza habari za freti (zile nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ya 12 na kuendelea, kule karibu na mwili wa gitaa, unaambiwa funga kapo, kile kibanio cha shingoni. Mmoja alinijibu kabisa kwamba kucheza kule juu ni kipaji cha kuzaliwa. Kipaji gani? Mbona mambo yenyewe yanafundishika!

Tanzania hii ndiyo iliyomtoa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, jamani. Majirani zetu Wakongo wana wapiga solo kama Dr. Nico na Diblo Dibala. Kuna anayedhani sebene, lile gitaa lao la kuchezesha watu, inaishia freti ya tatu?

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kidole gumba. Tumeachwa tuikumbatie shingo ya gitaa, gumba limechungulia upande wa uzi mnene, na mwalimu anatazama tu. Kwa kodi za mwanzo inapita. Panda hivyohivyo mpaka freti ya 14 uone: kiganja kinagota kwenye mwili wa gitaa, kifundo cha mkono kinapinda, noti inatoka imekufa. Gumba linatakiwa lishuke nyuma ya shingo, na pale shingo inapoungana na mwili lisogee pembeni, kiwiko kije mbele kidogo, bega lisipande. Basi! Kusema hivyo siku ya kwanza kungemgharimu nini?

Halafu nafasi zenyewe. Gitaa lenye nyuzi za sentimita 65, freti ya kwanza ina upana wa kama sentimita 3.6. Ukivuka ya 12 inabaki nusu yake, 1.8. Vidole vilivyozoea kutanuka vinabanana, lazima visimame kwa ncha, karibu na chuma cha freti. Wenye vidole vinene wanaacha kidole cha mwisho na kucheza na vitatu. Hili nalo nimeokoteza mwenyewe kwa kutazama mikono ya wapiga solo bendi zikiwa jukwaani, wakati kuna mtu anakula ada yangu.

Wauzaji nao wamo. Mtu anasema anataka kupiga solo, anauziwa gitaa ambalo shingo inaungana na mwili kwenye freti ya 12, mwili hauna mkato wa kupitisha mkono, nyuzi zimeinuka hatari. Ukikandamiza kule juu sauti inapanda, unaonekana huna sikio. Kulikagua ni dakika moja: gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, piga, kisha ukandamize, piga tena. Sauti zikitofautiana, gitaa lina kasoro. Mwalimu wangu hajawahi hata kulishika langu.

Walimu mliomo humu, jibuni hapahapa bila kuja PM: mwanafunzi wako anaanza lini kuvuka freti ya 12, na unamwanzishia zoezi gani?