Naenda Asia na meli kwa mara ya kwanza. Watu wa huko wakoje?

BintiRaskazone aliandika:

Shikamooni wakubwa wa humu, na wenzangu habari zenu.

Nimemaliza chuo cha ubaharia Dar na nimepata mkataba wangu wa kwanza, miezi 9, mwanafunzi upande wa injini. Meli ni ya shehena ya kichele, yaani mzigo unaomwagwa bila mifuko, naipandia Singapore. Nilivyoambiwa tutagusa Haiphong kule Vietnam, Chittagong kule Bangladesh, bandari za India upande wa magharibi, na huenda Japani.

Mambo ya injini nimefundishwa na nitaendelea kufundishwa. Ambacho hakuna mwalimu aliyenifundisha ni watu. Mama hana raha tangu barua ifike. Anauliza utakula nini, utaongea na nani, ukiumwa nani atakushika mkono. Nimetafuta mitandaoni nikakuta orodha za usifanye hiki, usifanye kile: usichomeke vijiti wima kwenye wali, usimguse mtoto kichwani, usipokee kwa mkono wa kushoto. Hili la mwisho hata bibi yangu angenichapa nalo.

Kwa mliokaa huko miaka mingi, nini hasa cha kujua?

MamaVitambaa_Kkoo aliandika:

Mdogo wangu hongera sana. Mimi si wa meli, ni wa kontena. Guangzhou naenda tangu 2007, kwa hiyo nitasema ya China tu.

Chai. Ukiingia kwa mwenye kiwanda utakalishwa na kumiminiwa chai kwenye vikombe vidogo kama vya kahawa yetu, na utaongezewa kila ukimaliza. Kule Guangzhou anayemiminiwa anagonga meza kwa vidole viwili taratibu, ndiyo asante yake, hata mdomo ukiwa na chakula. Safari zangu za mwanzo nilikuwa nakataa chai nakimbilia bei, na bei nilizopewa zilikuwa za mtu anayekimbia. Siku nilipokaa nikanywa, mama mwenye duka akaniuliza watoto wangu wangapi, nikamuuliza wa kwake, ndipo kikokotoo kikatoka mezani. Akaandika bei yake, nikafuta nikaandika yangu, tukapeana kile kikokotoo mara tano au sita bila neno. Yule mama nafanya naye biashara mpaka leo.

Chakula usiogope. Mtaa wa Xiaobei kuna Waislamu wa Kichina wanaovuta tambi kwa mikono mbele yako, supu ya nyama juu. Kwa meli yenu sijui, wakubwa watakuambia.

OilaMstaafu aliandika:

Marahaba binti yangu. Na mama yako mpe salamu, mwambie imeandikwa na mzee wa Chuda, Tanga.

Nilipanda meli ya kwanza 1986 na nikashuka ya mwisho 2017. Nilianza oila, yaani mtia mafuta mashine, nikamaliza fundi wa tatu wa injini. Kati ya hiyo miaka 31, iliyo mingi nimeimaliza bahari za Asia, na watoto wangu wawili wamezaliwa mimi niko huko. Kwa hiyo ninachokuambia nimekilipia.

Cha kwanza ni kwamba Asia utaikuta mezani melini kabla hujaiona bandarini. Wenzako wengi watakuwa Wafilipino, Wahindi, pengine Waburma. Meli yangu ya pili mpishi alikuwa Mfilipino mtu mzima, ametoka Iloilo. Tulipofika Manila akapanda kijana wa kwao, oila mwenzangu. Tumekaa tunakula, yule kijana akaingia, akamwendea mpishi, akauchukua mkono wake akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, akainama kidogo. Wenyewe wanaita mano. Mimi nilikuwa na sahani mkononi nikaiweka chini. Nilijiona niko Pangani kwa babu, nimetumwa niende kumuamkia kabla sijagusa uji.

Kesho yake asubuhi nilimwendea yule mpishi nikamwambia shikamoo, nikamweleza maana yake na jibu lake. Tangu siku hiyo mpaka aliposhuka, miezi 7, kila asubuhi nilimuamkia na yeye akaniitikia marahaba, kwa sauti nzito kabisa. Na sahani yangu haikukosa kipande cha samaki.

Kwa hiyo binti, Mfilipino aliyekuzidi umri ukimwita Kuya umemwita kaka, mwanamke ukimwita Ate umemwita dada. Anza na hayo siku ya kwanza. Na ukipita mtu anakula atakuambia *kain tayo*, yaani karibu tule, kama kwetu. Usipite tu. Hata kama umeshiba, simama, shukuru, uliza ni nini.

Haiphong watakuuliza umri wako kabla ya jina. Vijana wengi wanakasirika, wanaona ni upekuzi. Sikiliza: Kivietinamu hakina "wewe" moja ya watu wote. Wanaitana kaka, dada, mdogo wangu, baba mdogo, mjomba, na hata "mimi" inabadilika kufuatana na huyo unayeongea naye. Asipojua umri wako hajui akuite nani, wala yeye ajiite nani mbele yako. Mswahili akielewa hilo hawezi kukasirika, maana na sisi tunamtazama mtu usoni kwanza ndipo tujue ni shikamoo au mambo vipi. Kwenye magati ya Haiphong kulikuwa na mama anauza chai ya barafu, na viti vya plastiki vifupi vya kukalia, goti linakufika kifuani. Aliniita *chú*, baba mdogo, mbele ya watoto wake. Nimepewa vyeo melini, hicho nakikumbuka zaidi.

Chittagong. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1998 Bangladesh ilipigwa na mafuriko makubwa, sehemu kubwa ya nchi ikawa chini ya maji kwa wiki nyingi, na nafaka ikawa inaletwa kutoka nje. Meli yetu ilibeba ngano. Meli nzito hazikuingia mtoni Karnaphuli na mzigo wote, zilitia nanga nje, na vimeli vidogo vikaja ubavuni kupunguza. Wapakuaji walipanda wakaishi juu ya sitaha yetu, wanapika hapo, wanalala hapo, watu kama 60. Mwezi wa Ramadhani ukaandama tukiwa nanga, mwishoni mwa Desemba.

Melini Waislamu tulikuwa wawili tu. Jioni ya kwanza nilikuwa nafuturu chumbani na tende zangu. Akaja mzee wao mmoja, kiongozi wa kundi, akasimama mlangoni, akanionyesha kwa mkono: njoo. Walikuwa wametandika turubai juu ya mifuniko ya shehena. Juu ya gazeti wamemwaga mchele uliokaangwa ukavimba kama bisi, wanauita muri, wamechanganya na dengu, bajia, vitunguu na pilipili, na jalebi pembeni. Hawa ni watu ambao vijiji vyao vilikuwa majini miezi mitatu nyuma. Nilitaka kuleta vitu kutoka stoo ya mpishi, yule mzee akanikatalia jioni ile. Jioni ya pili akakubali. Ndipo nilipofahamu: ya kwanza ni yao, maana mgeni ni mimi, ingawa meli ni yetu.

Tulifuturu hivyo siku 11. Neno tulilolijua pamoja ni chai tu, wao wanasema *cha*. Na India utakuta mengi zaidi ya hilo. Siku yangu ya kwanza sokoni Mumbai nilisikia pesa, nikasikia gari, nikasikia laki, nikageuka nikidhani kuna mtu wa kwetu nyuma yangu. Hayo maneno yalikuja kwetu kutoka huko na majahazi, pamoja na bima na kachumbari.

Basi usiende unatafuta mambo ya ajabu. Yapo, lakini hayatakufundisha kuishi na watu. Tafuta mahali ambapo unajua tayari la kufanya, kaa hapo, mengine yatakuja.

NipoOsaka aliandika:

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho na nimepata hamu ya nyumbani. Lakini kwa Japani naomba niseme tofauti, asije dada akaumia.

Huku nina miaka 8, kiwandani. Ukikaa ukisubiri kuitwa kwenye turubai utasubiri sana. Treni imejaa na hakuna anayeongea. Nilipohamia nilipopanga nilishauriwa niende kwa majirani na zawadi ndogo, taulo au sabuni, nijitambulishe. Nikaenda. Wakapokea kwa mikono miwili, wakainama, wakafunga mlango. Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Kitu pekee nilichoambiwa na jirani ni kwamba nimetoa takataka za plastiki siku ya takataka za kuchoma. Upweke wa huku upo, na ni vizuri dada ajue kwamba si yeye aliyekosea.

OilaMstaafu aliandika:

Marahaba kijana wangu. Umesema kweli na sikubishii, wewe umekaa, mimi nilikuwa mpita njia wa siku nne, siku tano.

Nitaongeza moja tu. Nilifika Kobe Januari 1996, mwaka mmoja baada ya tetemeko la tarehe 17 Januari 1995. Gati nyingi zilikuwa bado zinatengenezwa. Sehemu moja wameiacha kama ilivyovunjika, nguzo za taa zimelala upande, ndiyo kumbukumbu yao, na nadhani bado ipo pale bustani ya Meriken, bandarini. Kwenye gati letu kulikuwa na mlinzi mzee. Siku tatu nikipita ananiinamia, namuinamia, basi. Ijumaa nikatoka nikaswali kwenye ule msikiti wao wa 1935, ambao vita haikuuangusha wala tetemeko halikuuangusha. Niliporudi aliniona na kofia, akanyoosha kidole upande wa mjini, akakunja mikono kama anayeomba. Nikaitikia kwa kichwa. Asubuhi tunaondoka nikakuta mfuko wa chenza umefungwa kwenye ngazi ya meli. Hakuwepo. Zamu yake ilikuwa imekwisha.

Sijui kama huo ni ukaribu. Nilizila zile chenza mpaka tunavuka Taiwan.

BintiRaskazone aliandika:

Baba, nimemsomea mama yote jikoni, amenyamaza, halafu ameuliza kama yule mpishi wa Iloilo bado yuko hai.

Swali langu la mwisho. Kati ya zote, ni wapi ulipojiona umefika? Na India magharibi sijasikia zaidi ya Mumbai.

OilaMstaafu aliandika:

Mpishi alifariki, mwanawe aliniandikia. Mwambie mama asante kwa kuuliza.

Swali lako nalijibu. Mwaka 2009 nilikuwa kwenye meli iliyokuwa inakwenda kukatwa. Bei za usafirishaji zilikuwa zimeanguka mwaka wa nyuma yake, na wenye meli wakawa wanauza zile kuukuu kama chuma. Tulikwenda Alang, Gujarat. Pale hakuna gati. Unasubiri maji makuu, kapteni anaelekeza uso wa meli ufukweni, sisi chini tunaagizwa kasi yote mbele, na injini unayoijua kwa jina unaiendesha mpaka inapanda mchanga. Halafu ikaja amri ya kuzima. Nimezima injini mara elfu, ile sikutaka kuigusa. Fundi wa pili, Mhindi wa Veraval, ndiye aliyenishika bega.

Tiketi zetu zikachelewa siku tano. Yeye akaniambia, njoo nikupeleke kwetu, kuna watu nataka uwaone. Tukaenda kwa gari siku nzima mpaka upande wa msitu wa Gir, ule wenye simba wa Asia, kijiji kinaitwa Jambur. Binti, nilishuka garini nikaona nyuso za kwetu. Wanaitwa Masidi. Wazee wao walitoka Afrika karne nyingi, wengine watumwa, wengine askari, wengine mabaharia kama mimi na wewe. Wanaongea Kigujarati, wanavaa sari, wana kaburi la walii wao hapo kijijini. Na ngoma yao wanaiita goma. Moja ya ngoma zenyewe wakaniambia jina lake musindo, nami masikioni nikasikia msondo wa kwetu.

Wakapiga. Hapo sikuwa mgeni tena, miguu ilikuwa inajua.

Kulikuwa na bibi mmoja amekaa kwenye kitanda cha kamba. Fundi wa pili akamweleza natoka Afrika. Akataka kujua Afrika ni kijiji gani, kuna umbali gani kutoka hapo. Nilikosa la kusema. Nikamwendea, nikainama, nikamwambia shikamoo. Neno hakulijua. Akaniwekea mkono kichwani akauacha hapo kwa muda.

Nilikuwa sina zawadi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Meli yako ikigusa Veraval au Pipavav na kapteni akakupa siku mbili, Jambur si mbali. Nenda na kanga doti 2, na mmoja wa Wahindi wa melini akusindikize kutafsiri. Kanga nitakuletea mimi kabla hujaondoka Tanga, niandikie faragha tarehe ya safari.