Naomba ushauri: nina kazi ya kudumu Kisumu lakini moyo haupo

Kasia_Mpya: Habari zenu wadau. Mimi ni afisa wa mikopo katika taasisi moja hapa Kisumu, sitaitaja. Nina mke na watoto wawili. Kila siku niko Kibuye, Kondele au Dunga nikikusanya marejesho ya vikundi vya akina mama. Mshahara unaingia kwa wakati, sina malalamiko hapo. Lakini jioni nikijiuliza nimefanya nini tangu asubuhi, jibu ni lile lile: nimesumbua watu.

Jumamosi huwa naenda ufuoni kwa mzee anayeunda mashua. Amenifunza kuranda mbao na kutia kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao maji yasiingie. Mashua ikishushwa majini, nasikia kwamba kuna kitu nimefanya duniani. Nataka kuacha kazi niingie huko mzima mzima. Ni busara? Tafadhali msinitusi.

Mwalimu_Mstaafu: Kijana, Sulemani alisema mtu aifurahie kazi yake, hakusema aitafute nyingine. Mimi nimeshika chaki miaka mingi Vihiga, na sikuwahi kuamka nikijiuliza kama nimetosheka. Niliamka nikijiuliza karo. Halafu pensheni nayo ikachelewa, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Kwanza ile ofisi ukifika, hata ukiwa na faili lote, utaambiwa karatasi moja imekosekana…

Kijana_wa_Kondele: Mwalimu ameshatoroka na uzi 😂 Omera, mke anasemaje?

Kasia_Mpya: Mke wangu ni mtu muelewa sana.

Kijana_wa_Kondele: Sijauliza tabia yake. Nimeuliza amesemaje.

Seremala_Nakuru: Mimi niko upande wa mbao. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ilipanda, na hata ilipotangazwa 2023 kwamba marufuku inaondolewa, haikushuka tulivyotarajia. Mvule ndiyo usiseme. Na siku hizi kuna boti za faiba. Huyo mzee anapata oda ngapi kwa mwaka? Usihesabu raha ya Jumamosi. Jumamosi hulipi kodi ya karakana, unaranda kidogo unaenda nyumbani.

Kasia_Mpya: Oda ziko. Na mashua ya mbao ikitoboka mvuvi anaitengenezea hapo hapo ufuoni. Pia nimeshaweka kitu kidogo kwenye karakana, kwa hiyo si kama naanzia sifuri.

Dada_Hesabu: Ngoja. Kitu kidogo kutoka wapi?

Dada_Hesabu: Tunakusubiri.

Kasia_Mpya: Sawa. Nilichukua mkopo wa sacco. Na barua ya kuacha kazi nilishapeleka wiki jana. Mke bado sijamwambia kwa sababu mmoja wa wadhamini wangu ni kaka yake. Lakini jamani, mtu akingoja mambo yote yanyooke ataanza lini? Mzee anazeeka, na watoto wake hawataki hiyo kazi.

Dada_Hesabu: Kwa hiyo hukuja kuuliza, umekuja tukupigie makofi. Sikiliza: sheria ya ajira ya 2007 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Ukishapeleka barua, kuirudisha ni hisani ya mwajiri. Mshahara ukikoma, sacco inageukia akiba yako, kisha wadhamini. Shemeji atajua kabla ya mke. Mwambie leo, hata kama ni saa sita usiku.

Kachumbari: Afisa wa mikopo anakimbia mkopo. Kisumu raha.

Mlinzi_wa_Uzi: Mimi naona tunachezewa. Akaunti ni ya mwezi huu. Kulikuwa na uzi kama huu wa mhasibu wa Kakamega aliyetaka kufuga nyuki. Tulimliwaza hapa mpaka akaanza kutuuzia asali. Huyu kesho ataleta namba ya kuagiza mashua. Kama ni fundi kweli, aeleze kalafati inatiwaje.

Kasia_Mpya: Pamba inasokotwa, inapigwa kwa patasi butu kwenye nafasi kati ya mbao na mbao, kisha inazibwa juu. Ukiipiga kidogo maji yanaingia, ukizidisha unatanua mbao. Siuzi kitu mimi.

Mlinzi_wa_Uzi: Hayo hata simu itakuambia.

Kachumbari: Binafsi ningenunua. Ina kiti cha mke?

Mama_Omena: Mimi kama ni uongo sijali, kwa sababu huyo mtu namjua hata kama si yeye. Omena, hawa dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawafuati taa, na sisi hatuna cha kuanika wala kuuza. Lakini marejesho ni kila wiki, mwezi uwe mpevu usiwe. Tuna afisa mmoja aliyejifunza hayo. Siku za mbalamwezi anapokea kidogo, na giza likirudi tunafidia. Aliyekuwepo kabla yake alibeba hadi sufuria. Sasa huyu akienda kupiga pamba kwenye mbao, tutaletewa nani? Anasema anasumbua watu. Nani alimuuliza hao watu?

Kasia_Mpya: Mama, hilo sikuwahi kulisikia kutoka kwa mtu. Uko kikundi gani?

Mama_Omena: Sikwambii. Wiki hii hatujalipa.